Foleni Ilipotuacha

Muziki wa Busia ulilishwa na foleni. Vijana wa leo ukiwaambia hivyo wanakushangaa, lakini sisi tuliopiga miaka ya tisini tunajua aliyetulipa ni nani. Malori ya mafuta na makontena yaliyotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Kongo yalipanga mstari hapa na kule Malaba. Dereva alingoja karatasi zake zigongwe mihuri upande wa Kenya, kisha akaanza upya upande wa Uganda. Mtu aliyekwama siku mbili tatu, posho iko mfukoni, jioni ataelekea wapi kama si baa? Na baa yenye bendi ndiyo iliyojaa.

Nilipiga besi katika baa hizo kwa malipo ya usiku. Mchana nilitengeneza redio na amplifaya katika kibanda karibu na stendi. Kazi zenyewe zilikuwa moja tu: chombo nilichokiua usiku nilikifufua mchana.

Bendi zetu zilikuwa za kukopi. Dereva wa Mombasa alitaka Les Wanyika, wa Kisumu alitaka benga ya D. O. Misiani, wa Kampala aliulizia Afrigo, na Mkongo hakutaka mchezo na sebene. Tulipiga vyote. Tulijivunia hata njia yenyewe, maana wanamuziki wengi wa Kongo waliifuata barabara hii ya Uganda kuja Kenya; Samba Mapangala alipiga Kampala na Les Kinois kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1977, na Virunga yake ikazaliwa huko mwaka 1981. Kukopi kulinikunjua vidole. Masikio hakukuyafundisha kitu, kwa sababu kila wimbo nilishajua unakoelekea.

Kisha, Februari 2018, Rais Kenyatta na Rais Museveni wakaja kufungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia. Tangu hapo msafiri anakaguliwa mara moja tu, upande anaoingia. Kwa biashara ni neema, sibishi. Kwetu ilimaanisha kwamba dereva aliyezoea kulala hapa sasa anapita mchana na kulala Jinja au Eldoret. Mwenye baa niliyokuwa nikiipigia akaweka runinga kubwa ya mpira mahali pa jukwaa. Ningekuwa yeye, labda ningefanya vivyo hivyo.

Tukabaki watu wenye vyombo na wasio na wa kuwapigia. Nilikumbuka nilichokiona Kampala, katika Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa: Jumatatu usiku wanamuziki wanakusanyika, mashuhuri na asiyejulikana, kila mmoja anapanda kwa zamu. Nikawaambia wenzangu, kwa nini tusijaribu? Tukapata ua nyuma ya mkahawa mmoja upande wa Kenya, hatua chache kutoka mpakani. Mwenye mkahawa aliweka sharti moja: petroli ya jenereta tujitafutie wenyewe. Sisi wa zamani tukashika ngoma, besi na gita la ridhim, tukakaa palepale usiku kucha. Mwingine yeyote anaandika jina kwenye daftari la shule, anapiga nyimbo mbili, anashuka. Bakuli linazungushwa, linarudi na shilingi za nchi mbili zimechanganyika.

Nilitegemea waimbaji wa zilipendwa, nao walikuja. Sikutegemea wazee. Mmoja alitoka pande za Ugenya na nyatiti yake ya nyuzi nane, akakaa kwenye kigoda kifupi, njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu. Kijana wa kibodi akatafuta sauti ya nyatiti, hakuipata. Akapandisha, akashusha, bado. Sauti za mzee zilikaa katikati ya vitufe. Mwenye kibodi akamwomba azikaze nyuzi zake kidogo, mzee akamtazama kama mtu aliyeombwa kukata miguu ili itoshe viatu. Basi kibodi ikanyamaza, nasi wa magita tukalegeza nyuzi zetu hadi zikamfikia.

“Mzee, unaanzia wapi?” nikamuuliza.

“Naanzia ninapoanzia, mwanangu. Angalia mguu.”

Nikauangalia. Ile pete iligonga mti wa nyatiti, njuga zikajibu, na juu yake mikono ilisema mambo mengine kabisa. Nilikaa kimya mzunguko mzima, na wa pili pia. Katika bendi ya baa mpiga besi akinyamaza hivyo anafukuzwa. Wa tatu nikatia noti moja, palepale pete ilipogonga, na mzee akatikisa kichwa bila kuniangalia. Nilikuwa nimepiga benga karibu maisha yangu yote ya kazi, na nilikuwa nimesikia mara nyingi kwamba magita yake yalijifunza kwa nyatiti. Usiku ule niliona yalipojifunzia.

Habari zikavuka. Kutoka Tororo akaja Mjopadhola na tongoli, kinanda ambacho ni ndugu wa nyatiti, na kwa kuwa Kidhopadhola na Kijaluo ni lugha za jamaa moja, yeye na mzee walitaniana kwa lugha mbili bila mkalimani. Waliokuja kwa omutibo, mtindo wa gita la Waluhya aliotuachia George Mukabi, waliomba chupa ya Fanta ya zamani, ile yenye matuta, wakaikwaruza kwa chuma badala ya ngoma. Mpiga ngoma wetu alinuna. Mimi naona chupa ile inashinda seti nyingi za ngoma nilizowahi kuzifungia maikrofoni.

Korona ilitufunga sote, ila haikutufungua pamoja. Kenya iliondoa kafyu tarehe 20 Oktoba 2021. Uganda usiku haukufunguliwa mpaka tarehe 24 Januari 2022. Kwa miezi hiyo mitatu wa Uganda waliofanikiwa kuvuka waliwahi kabla ya giza na kulala kwetu, kwenye mikeka, hadi kupambazuke. Nyimbo nzuri kuliko zote tulizitunga asubuhi hizo, juu ya chai, bila umeme.

Sasa vijana wanaleta midundo kwenye flashi. Wenzangu walitaka tuwakataze. Nilipinga: flashi nayo ipande jukwaani, mradi mwenyewe akubali sisi tupige juu yake. Wengine hukubali, wengine huondoka na flashi yao.

Na kazi imerudi, kwa mlango mwingine. Dada mmoja wa Tororo aliyekuwa akiandika jina lake kwenye daftari, mpiga kinubi cha adungu, siku hizi anaitwa kwenye harusi na misa za shukrani, na akiitwa huniita. Juzi alinipigia simu: harusi iko Nagongera, malipo nusu kabla. “Ssebo, njoo na amplifaya ndogo,” akaniambia, “umeme wao ni wa jua. Na usinifunike.”