Tulienda Kutembea, Tukanunua Pango

Kuna swali moja ninaloulizwa kuliko hata maswali ya programu: mbona kwenye simu za video ukuta ulio nyuma yangu umepinda kama tumbo la chungu? Leo nalijibu. Huo ukuta ni udongo wa kilima, nami nimo ndani ya kilima chenyewe. Mimi na mke wangu tulinunua pango Uhispania na ndimo tunamoishi.

Hatukwenda kutafuta nyumba. Agosti 2024 tulipata viza ya utalii, tukatua Málaga, tukakodi gari dogo la siku kumi. Mpango ulikuwa Granada kuiona Alhambra, halafu Almería kuogelea, halafu turudi Nairobi kwenye kazi zetu. Mkenya akiendesha huko ana kibarua mara mbili: anakaa upande wa kulia wa barabara, na kijiti cha taa za kupindia kimebadilishana upande na cha waipa ukilinganisha na magari yetu ya Kijapani. Mke wangu alikuwa ndiye satelaiti. Kila tukikaribia mzunguko anasema "kulia, kulia" kama anayeswaga mbuzi.

Ukitoka Granada kwenda mashariki, barabara ya A-92 inapanda milima kisha inashuka kwenye nchi kame, makorongo ya rangi ya matofali yaliyochongwa na mvua za kale. Baada ya kilomita hamsini na kitu unafika Guadix, mji ulio zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Jina hilo ni la Kiarabu, Wadi Ash, maana watawala Waislamu waliushika mji huo hadi 1489. Tulisimama kwa sababu ya joto tu. Nje kulikuwa nyuzi 39. Ndipo tukaona madohani meupe yamechomoza ardhini kama uyoga, juu ya vilima ambavyo havina nyumba. Chini ya kila dohani kuna sebule, jiko, vyumba vya kulala, televisheni na watu wanaobishana juu ya kandanda. Guadix ina makao ya namna hii yapatayo 2,000, na watu wanaishi humo kama kawaida, si maonyesho ya watalii.

Tukakodi chumba cha wageni kwa usiku mmoja. Usiku ule, katikati ya Agosti, tulijifunika blanketi. Asubuhi nilizunguka chumba kizima nikitafuta mtambo wa kupoza hewa. Hakuna. Hapo likizo yangu ikaisha, kichwa kikaanza kazi.

Ukweli wenyewe si muujiza. Udongo mfinyanzi hupitisha joto polepole sana. Jua la Agosti linaupiga mgongo wa kilima, lakini kabla joto hilo halijafika mita kadhaa chini, majira yamekwisha kugeuka, na baridi ya Januari nayo inaanza safari yake ya kuchelewa. Kiangazi na kipupwe vinakutana njiani na kufutana. Ndani kunabaki kati ya nyuzi 18 na 20 mwaka mzima, iwe nje kunachoma au maji yanaganda. Nyuzi hizo, wadau, ni za Nairobi! Sisi tunaotengeneza mifumo huita kitu kama hiki bafa: kinapokea mawimbi makali upande mmoja na kutoa mstari ulionyooka upande wa pili. Hiki hakina umeme, hakina programu ya kusasisha, na waliokichimba kwa sururu hawakuwa na shahada. Almería hatukufika.

Tulikaa siku nne. Siku ya tatu tukapita mlango ulioandikwa kwa rangi "inauzwa", na nambari ya simu. Mzee aliyetufungulia alizaliwa humo. Baba yake ndiye aliyechimba, na alituonyesha chumba cha nyuma kabisa akisema kilichimbwa mwaka aliozaliwa dada yake mdogo. Familia ikikua, unachukua sururu. Bei ilikuwa euro 38,000, yaani shilingi milioni tano na ushei kwa wakati ule.

Sasa hapa ndipo penye uzito. Pesa hizo tulikuwa nazo, lakini zilikuwa na jina. Zilikuwa za kujenga Wundanyi, kwenye kiwanja alichonipa mama, ambacho hadi leo kina ua wa seng'enge na tangi la maji na hakina msingi. Mkenya anayefanya kazi ya mikataba ya nje anajua jinsi barua pepe moja inavyoweza kukata mshahara. Mimi nilitaka nyumba isiyo na mkopo na isiyonidai bili kubwa hata mkataba ukikatika. Hesabu ilikubali pango. Lakini hesabu haikuwa ya watu wawili.

Nikampigia mama.

"Baba, umenunua nini?"

"Bado sijanunua. Ni nyumba, mama, ila iko ndani ya kilima."

Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. "Ndani ya kilima kwetu huwekwa mafuvu."

Kwa asiyejua, zamani Wataita walihifadhi mafuvu ya wazee wao mapangoni, na mapango hayo bado yapo milimani kwetu, huendi kuyachezea. Mama ni mtu wa kanisa na hatambiki, lakini kuna mambo hayatoki mwilini kwa ubatizo. Jioni hiyohiyo mjomba alinipigia akauliza kwa upole swali ambalo ni zito kuliko la mafuvu: mtoto wa kwanza akijenga ng'ambo, nani atawasha taa hapa? Nilimjibu kwamba sijakikana kiwanja, ila nyumba hii ndiyo ninayoweza kuilipa sasa na kulala. Hakukubali. Hakukataa pia. Alisema, "Sawa, tumekusikia," na kwa mjomba wangu hilo ni jibu la kutisha.

Upande wa makaratasi nao ulikuwa shule. Uhispania wana kanzidata mbili za ardhi. Moja, Catastro, ni ya kodi: ina ramani, vipimo na picha, na mtu yeyote anaweza kuifungua mtandaoni akaona mipaka. Nyingine, Registro de la Propiedad, ni ya haki: inasema nani ni mwenyewe. Kwa miongo mingi kanzidata hizi zilikuwa hazisemezani, hadi sheria nambari 13 ya 2015 ilipoanza kuzilazimisha zilingane. Mapango ndiyo yaliyoachwa nyuma kuliko vyote, kwa sababu mtu alichimba, akaishi, akafa, watoto wakarithi, na hakuna aliyekwenda ofisini. Pango letu lilikuwa kwenye Catastro kwa vipimo pungufu, bila kile chumba cha nyuma, na kwenye Registro halikuwepo kabisa. Ukiwa mtu wa programu unaelewa mara moja: rekodi mbili za kitu kimoja, moja haikamiliki, nyingine haipo, na wewe unataka kulipa pesa halisi.

Kuna na jambo la tatu. Kwa sheria ya kiraia ya huko, mwenye ardhi ni mwenye vilivyo chini yake pia. Basi chumba kilichochimbwa kikapita mpaka kiko chini ya ardhi ya mtu mwingine, hata kama mlango ni wako. Wakili wetu alimleta mpimaji na kifaa cha leza, akapima ndani, akapanda juu ya kilima akapima nje, akaziweka ramani mbili moja juu ya nyingine. Wiki ile sikula vizuri. Chumba cha nyuma kiliishia ndani ya mpaka, pakabaki kama upana wa meza.

Wauzaji walikuwa ndugu wanne, mmoja wao yuko Barcelona, na wote walitakiwa kutia sahihi mbele ya mthibitishaji. Bahati yetu walikuwa wamekwisha kuandikisha urithi wao kwa mthibitishaji mwaka 2019. Sheria inataka anayeuza awe na hati rasmi ya mali hiyo kwa mwaka mmoja au zaidi ndipo mnunuzi aweze kuiingiza Registro kwa mara ya kwanza. Februari 2025 tukasaini. Juu ya bei, asilimia 7 ilikwenda kwa kodi ya uhamisho ya Andalucía.

Nisisitize jambo ambalo mawakala huwa hawalipigii kelele: kununua nyumba huko hakukupi ruhusa ya kuishi. Ile viza ya wawekezaji wa euro 500,000 iliyoanza 2013 ilifutwa Aprili 2025, na hata ilipokuwa hai haikuwa ya saizi yetu. Sisi tulipitia sheria nambari 28 ya 2022, inayowaruhusu wanaofanyia kazi kampuni za nje kwa mtandao. Unaonyesha kipato kisichopungua mara mbili ya mshahara wa chini wa huko, pamoja na shahada au uzoefu wa miaka mitatu. Bila hiyo, mwenye pasipoti yetu ni mgeni wa siku 90 katika nyumba yake mwenyewe.

Kuhusu mtandao: faiba inafika mlangoni, halafu udongo unaimeza Wi-Fi. Chumba cha kwanza ishara imejaa, cha pili inachechemea, cha tatu rununu ni tochi. Masafa ya gigahezi 5 hayavuki hata ukuta mmoja. Dawa ni ya kizamani: kebo, na kituo kidogo cha kurusha ishara katika kila chumba. Mke wangu alikataa cha chumbani kwetu, na siku hizi namuunga mkono. Kuta tulizipaka chokaa, kama zile za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, kwa sababu chokaa inapumua. Chumba kimoja kilikuwa kimepigwa plasta ya saruji, unyevu ukafungiwa nyuma yake, tukaibandua yote kwa patasi.

Mama bado hajafika. Mwanzoni alikuwa akipiga simu ya sauti tu, hataki kuona. Halafu mwezi mmoja akasema nimwonyeshe mlango. Mwezi uliofuata jiko. Akauliza moshi unatokea wapi, nikatoka nje nikapanda kilimani na rununu hadi kwenye dohani, akacheka. Kiwanja cha Wundanyi nacho kimepelekewa lori mbili za mawe tangu mwaka jana, na mjomba ndiye anayeyahesabu.

Jumapili iliyopita aliniomba vipimo vya dirisha la mbele. Anataka kushona pazia.