Nyumba ya Masista, Bagamoyo

Akina mama wengi wanaotembelea Bagamoyo, kilometa zipatazo 70 kaskazini ya Dar es Salaam, huishia ufukweni kununua samaki. Safari hii sisi tulianzia misheni, kwa njia ile yenye miembe mikubwa.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868. Jengo tulilolifuata lilijengwa mwaka 1876 liwe makazi ya masista. Siku hizi hakuna sista anayelala humo, limekuwa makumbusho. Kuta ni nene, na ndani kuna ubaridi mzuri baada ya jua la nje.

Tuliangalia picha za zamani, kisha tukafika kwenye minyororo ya watumwa. Hapo maongezi yalikatika. Mtoto wa mwenzetu aliuliza kama na watoto walifungwa. Mama yake alijibu, "Ndiyo, mwanangu," asiongeze neno.

Watoto wengi wa kwanza wa misheni hii walinunuliwa na mapadre katika soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873, ili wawe huru. Wasichana walilelewa na masista waliotoka kisiwa cha Réunion. Hebu fikiri, mama msomaji: binti hajui tena kwao ni upande gani, na hata lugha ya huyo anayempa uji haielewi. Walipokua, waliolewa na vijana waliokombolewa kama wao, wakaanza maisha katika kijiji cha Wakristo hapohapo misheni. Tulijiuliza, siku ya harusi ni nani aliyekaa mahali pa mama na shangazi? Pengine ni masista haohao.

Wageni wengi huulizia habari za Livingstone, ambaye mwili wake uliletwa hapa na akina Chuma na Susi Februari 1874. Si vibaya. Ila kwetu nyumba hii ni ya hao mabinti kwanza.

Nje upo mbuyu uliopandwa mwaka 1868. Bibi Chevalier, Mfaransa aliyehudumia wagonjwa, inasemekana aliuzungushia mnyororo wa kumfungia punda wake. Mnyororo ulisahauliwa, mti ukanenepa, ukaumeza. Kimebaki kipande kifupi kinachochungulia kwenye gome. Watoto wetu walikivuta kwa zamu mpaka tukawaita kula.