Ndoo ya Ayeeyo

Kwenye mtihani wa kemia, kidato cha kwanza, niliandika kwamba maziwa ni mmumunyo. Nikakosa. Sikuuliza kwa nini. Nani anataka kuchekwa na darasa zima?

Jibu lilikuwa nyumbani, hapa Garissa, ndani ya ndoo ya ayeeyo, bibi yangu.

Wakati huo maji yetu yalitoka mto Tana, yakaja kwa mkokoteni wa punda, rangi kama chai ya maziwa. Ayeeyo aliyaacha yatulie usiku kucha. Asubuhi mchanga na tope vimekaa chini. Hiyo ni suspensheni: chembe zake ni kubwa, ukizipa muda zinashuka zenyewe.

Lakini juu bado palikuwa na ukungu. Udongo laini kabisa haushuki upesi; chembe zake, za kati ya nanomita 1 na 1,000, zina chaji zinazozifanya zisukumane. Hiyo ni koloidi, na maziwa ya ngamia yamo humo humo. Mulika tochi ya simu gizani, utauona mwali ukikatiza ndani ya glasi. Dawa ya ayeeyo ilikuwa shabu. Akiizungusha majini, chembe zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama.

Yakabaki maji maangavu. Ukitia sukari ukakoroga, hakuna kinachotuama, chujio halikamati kitu, mwali hauonekani. Huo ndio mmumunyo.

Basi nikajiona profesa. Siku moja nikampa mdogo wangu kikombe cha maji yaliyotiwa shabu, kabla hayajachemshwa. Si yanang'aa? Siku mbili baadaye alikuwa anahara, macho yamezama, hata kulia hawezi.

Kilichomrudisha ni mmumunyo: chumvi na sukari za kipimo, ndani ya maji yaliyochemshwa, kijiko baada ya kijiko, usiku mzima.

Ayeeyo hakunigombeza. "Ayeeyo," akaniambia, maana kwetu bibi humwita mjukuu kwa jina lile lile analoitwa yeye, "tope uliliona likiondoka. Na ugonjwa, uliuona ukiondoka?"

Sikuwa na jibu. Vipimo vyangu vyote vilikuwa vya macho, na bakteria wanaweza kujaa kwenye maji yasiyo na ukungu hata kidogo.

Siku hizi tuna bomba. Maji yanatoka yakimetameta. Mdogo wangu amenipita urefu, na hunicheka kila akinikuta jikoni nimesimama juu ya sufuria, nikingoja yachemke.