Jioni za Ki na Vi

Barabara za Ngamiani, Tanga, huitwa kwa namba. Ya kwetu ilikuwa karibu na soko, na Magharibi ikishasaliwa kila nyumba ilitandika mkeka barazani. Njoo ukae. Jikoni mbaazi za nazi za kesho asubuhi zinatokota taratibu, na unga wa mahamri unaumuka chini ya kawa, iliki yake ikishindana na moshi wa kibatari. Kule njiani muuza kahawa anagonganisha vikombe.

Labda ndivyo vilivyompa Bibi neno. "Kikombe," anaanza. Wa kushoto kwake anajibu, "Kikombe changu." Anayefuata, "Kikombe changu kile." Tunauzunguka mkeka hivyo mpaka tunafika: "Kikombe changu kile kidogo cheusi kilichokuwa kabatini kimevunjika." Ukisita, unatoka. Ki na cha zilikwenda kwa mwendo wa mtu anayekuna nazi. Kisha tunageuza, vikombe vyangu vile vidogo vyeusi, na midomo inatetemeka kwa vi na vyo.

Binamu yangu mmoja, mjanja, alipenda kututega. "Kiboko!" Mdogo wetu anadakia, "Kiboko kikubwa!" Bibi anajipiga paja: "Mkubwa, mwanangu. Kiboko mkubwa amelala. Huyo ana roho, si kikombe." Na ki yetu inakatikia hapo hapo.

Miaka mingi baadaye mwalimu wa fasihi aliandika ubaoni "takriri konsonanti," akaeleza kwamba washairi hurudia sauti ili ubeti uimbike na ukae kichwani. Mimi niliusikia mkeka. Hadi leo naamini mshairi wa Kiswahili anaanza na mtaji mkononi: ngeli zenyewe zinamrudishia sauti, naye kazi yake ni kujua wapi aiachie na wapi aikate.

Bibi hakujua kusoma, lakini kanga aliichagua kwa sikio. Sokoni alimwambia muuzaji, "Nisomee jina lake." Akisomewa, anafumba macho. "Tena." Jina lisipomkaa, kanga inarudi rafuni, hata iwe na rangi nzuri vipi. Siku aliyosomewa "Haba na haba hujaza kibaba" alilipa bila kuomba kupunguziwa, na njia nzima hadi nyumbani alikuwa akilitamka, ba kwa ba, huku akinivuta mkono niitikie.