Kikombe cha Siku ya Nne: Kutoka Marikiti hadi Ndia Kuu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Anayetaka kuujua Mji wa Kale wa Mombasa na aanze kwa kuunusa. Aanzie Marikiti, soko lililofunguliwa mwaka 1914, ambalo Waingereza walilipa jina la Mackinnon lakini wenyeji hawakulishughulikia. Hapo atakuta tangawizi mbichi na kavu, mdalasini wa vijiti, hiliki, karafuu za Pemba, habasoda, na vifungu vya mchaichai vilivyokatwa alfajiri. Zafarani haiwekwi guniani. Bei yake huifanya ikae ndani ya kioo, karibu na mkono wa mwenye duka.

Wanunuzi wengi ni akina mama, na si wote wanaonunua viungo vya pilau. Yuko asiyepata usingizi, yuko mzazi aliye katika arobaini ambaye machozi humtoka bila sababu aijuaye, na yuko aliyefiwa. Hawa huuliza kwa sauti ya chini: "Una kitu cha kutuliza moyo?" Muuzaji mwema humpa mchaichai na hiliki, akamwombea dua. Muuzaji mwenye tamaa humpa pakiti ya unga usiojulikana, akamwahidi kwamba huzuni itakwisha kwa siku saba. Baina ya majibu hayo mawili pana masafa makubwa.

Ukiteremka kwa njia ya Langoni, magari hupungua na vichochoro huwa vyembamba, mpaka ufike Ndia Kuu, isiyo mbali na Msikiti wa Mandhry, mmoja wa misikiti mikongwe ya mji huu. Baada ya sala ya alasiri wanaume huketi barazani, na muuza kahawa hupita na dele lake, akigonganisha vikombe. Kahawa tungu ni kinywaji cha hadhara. Humchangamsha mtu, lakini pia humnyima usingizi aliye na mawazo. Ndani ya nyumba, nyuma ya milango ya nakshi, kuna kinywaji kingine. Uani mna mchaichai uliopandwa ndani ya debe na mrehani ambao majani yake hutiwa vikubani pamoja na asmini. Hiyo ndiyo duka la dawa la bibi zetu.

Mimea hii si migeni katika dini yetu. Katika Suratul Insan, aya ya 17, watu wa Peponi wanatajiwa kinywaji kilichochanganywa na tangawizi. Na rehani imetajwa katika Suratur Rahman, aya ya 12. Lakini fundisho lililo karibu zaidi na huzuni ni lile la Mama wa Waumini, Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, lililopokewa na Bukhari na Muslim. Alipofiwa na mtu katika jamaa zake, wanawake walikusanyika, kisha wakatawanyika, wakabaki watu wa nyumbani na walio karibu mno. Hapo ndipo alipoamrisha chungu cha talbina kipikwe, akawahimiza wale, kwani alimsikia Mtume, rehema na amani zimshukie, akisema kwamba talbina humpumzisha moyo mgonjwa na huondoa baadhi ya huzuni.

Talbina ni uji mwepesi wa unga wa shayiri, si chai, wala sitaki kuitia hadithi maneno isiyoyasema. Ila yatazameni mambo mawili. La kwanza ni neno "baadhi." Mtume hakuahidi kwamba huzuni yote itaondoka. La pili ni wakati. Chungu hakikupikwa wageni walipokuwa wamejaa. Kilipikwa walipokwisha kwenda zao.

Sasa tuitazame mitaa yetu. Kwa siku tatu za matanga, nyumba ya msiba haikosi watu. Mikeka hutandikwa, masufuria hutoka kwa majirani, khitma husomwa. Siku ya nne mikeka hukunjwa. Mjane hubaki na eda yake ya miezi minne na siku kumi, na sauti ya jirani huanza kuwa adimu. Siku hiyo ndiyo ya kubisha hodi na birika la chai ya mchaichai.

Utayarishaji wake ni mwepesi. Osha majani machache, yafunge fundo, yatie katika maji yanayochemka pamoja na kipande cha tangawizi na punje mbili za hiliki zilizopondwa. Funika sufuria, kwa sababu harufu ile ndiyo mafuta yenyewe ya mmea, na mvuke huondoka nayo. Baada ya dakika kumi chuja. Usitie majani ya chai ikiwa ni usiku, kwani hayo yana kafeini. Sukari iwe kidogo, na mwenye kisukari asitiwe kabisa.

Tahadhari nayo ni sehemu ya tiba. Mjamzito, na anayetumia dawa za shinikizo la damu, za kisukari au za kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kabla ya kuizoea mitishamba kila siku. Mdalasini mwingi wa aina iliyozoeleka madukani unaweza kuliumiza ini. Wala asiache mtu dawa za hospitali kwa ahadi ya pakiti isiyo na jina.

Na ikiwa huzuni imepita wiki mbili, mama hali, halali, hamtaki mwanawe, au anatamani kufa, hapo kikombe kimefika mwisho wa uwezo wake. Hiyo huenda ikawa sonona, nayo ni maradhi, si upungufu wa imani. Mtume ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Basi mpelekeni hospitali kama mngempeleka mwenye homa, na msimwache aende peke yake.

Dada zangu, mchaichai hauna thamani kubwa pale Marikiti. Thamani yake huongezeka njiani, kutoka mkono wa anayeupika hadi mlango wa aliyebaki peke yake. Nani katika mtaa wako amefika siku ya nne?

Wabillahi tawfiq.