Coupvray, Kijiji cha Mtoto Kipofu

Atokaye Paris kwenda upande wa mashariki hushuka katika stesheni ya Esbly, karibu na mto Marne, kisha hupanda kilima mpaka kijiji cha Coupvray. Tuliipanda njia hiyo kwa miguu, tukitafuta nyumba ya mawe, isiyo kubwa, ambayo zamani ilikuwa ya fundi wa matandiko ya farasi. Sasa imehifadhiwa, nayo karakana ya fundi imo bado pamoja na meza yake na vyombo vya kukatia ngozi.

Twaamini kwamba wasomaji wetu, na walimu hasa, wamekwisha kulisikia jina la Louis Braille, aliyewapa vipofu maandishi tuyaitayo nukta nundu. Lakini habari za majirani zake hazisimuliwi sana, na hizo ndizo zilizotupeleka Coupvray.

Louis alizaliwa katika nyumba hiyo tarehe 4 Januari 1809, mtoto wa mwisho kati ya wanne. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu aliingia karakanani, akashika chombo chenye ncha cha kutobolea ngozi, kikamchoma jicho. Jicho likaoza, ugonjwa ukashika na la pili. Hata alipotimiza miaka mitano alikuwa haoni kabisa. Siku zile kipofu wa watu wa kawaida alikuwa na njia moja iliyo wazi mbele yake, nayo ni kuketi mlangoni pa kanisa na kunyosha mkono.

Baba yake, Simon-René, hakuikubali njia hiyo. Alimchongea mwanawe fimbo ya kupapasia njia. Kisha, yasemwa, alichukua ubao akapigilia misumari midogo kwa mfano wa herufi, mtoto azisome kwa vidole. Akaja padre mpya kijijini, Jacques Palluy, naye akaanza kumfundisha. Na alipoona kwamba mtoto ana akili nyepesi, akaenda kwa mwalimu wa shule, Antoine Bécheret, akamwomba ampokee. Mwalimu akampokea. Kila asubuhi mtoto wa jirani alimshika mkono Louis, wakaenda shuleni pamoja.

Hapa twataka kukaa kidogo. Mwalimu Bécheret hakuwa na kitabu hata kimoja kisomekacho kwa vidole, wala hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kumfundisha kipofu. Alichokuwa nacho ni nafasi katika benchi, akampa. Nasi twajua ilivyo katika nyumba zetu nyingi: mgeni apigapo hodi, mtoto kipofu hupelekwa chumba cha nyuma, na watu husema ni kwa kumhurumia. Wale waliomkemea Bartimayo anyamaze njiani Yeriko huenda nao walidhani wanafanya jambo la adabu.

Hata padre na mwalimu walipoona kwamba shule ya kijiji imekuwa ndogo kwa Louis, walimwendea bwana mkubwa wa mahali pale, Marquis d'Orvilliers, naye akaandika barua kumwombea nafasi katika chuo cha vipofu cha Paris, kilichoanzishwa na Valentin Haüy mwaka wa 1785. Louis aliingia chuoni Februari 1819, naye ana miaka kumi. Huko alikuta vitabu vya herufi kubwa zilizoinuliwa juu ya karatasi, vizito, na kusomeka kwake ni polepole mno. Baadaye yakaletwa maandishi ya Charles Barbier, yenye nukta kumi na mbili, nyingi kupita zile ambazo ncha ya kidole yaweza kuzitambua kwa mara moja. Louis alizipunguza zikawa sita. Kazi hiyo aliifanya chuoni usiku, na nyumbani Coupvray wakati wa likizo. Mwaka wa 1824, akiwa na miaka kumi na mitano, ilikuwa imekwisha kushika umbo. Ilichapishwa mwaka wa 1829. Alifariki Januari 1852 kwa kifua kikuu, na Ufaransa ikayapokea rasmi maandishi yake mwaka wa 1854. Mwaka wa 1952 mwili wake ulihamishiwa Panthéon, mahali pa mashujaa wa taifa, lakini watu wa Coupvray wakabaki na mikono yake, nayo imo katika makaburi ya kijiji.

Tuliporudi Paris tulikwenda Rue Duroc, si mbali na chuo cha vipofu cha leo. Hapo ni makao ya chama cha Valentin Haüy, kilichoanzishwa mwaka wa 1889 na Maurice de La Sizeranne, mtu aliyepofuka akiwa na miaka tisa. Kabla ya chama alikuwa ameanza maktaba, na vitabu vyake vilinakiliwa kwa mkono na watu waonao, wasiolipwa. Mnakili hubana karatasi nene katika kibao chenye vitundu, akabonyeza nukta moja moja kwa kalamu ya chuma. Tena huanza kulia kwenda kushoto, maana karatasi ikigeuzwa ndipo nukta hutokeza. Kitabu ambacho sisi tungekibeba mfukoni huwa mabuku kadhaa mazito, kwa hiyo mtu mmoja aweza kutoa jioni zake kwa miezi mingi na kumaliza kitabu kimoja tu. Leo mashine zafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Wenye kujitolea wangali wapo: huvisoma vitabu kwa sauti ili vinaswe, na huwasindikiza vipofu waendako, sokoni au kwa mganga.