Kumlalamikia Daktari si Kumtukana

Baba yangu ni mvuvi wa Ras Kamboni, mahali ambapo pwani ya Somalia yakomea na ya Kenya yaanzia. Mimi nilizaliwa huko, nikaolewa na askari polisi wa Faza, kisiwani Pate, na tangu hapo nimeishi katika nyumba za kambi, leo mji huu, kesho mji ule, kama waishivyo wake wengi wanaousoma ukurasa huu. Nataka kueleza jambo lililotufika mwaka 2021, kwa kuwa naamini nyumba nyingi zimefikwa na mfano wake, zikanyamaza.

Mwaka huo gego la mwisho la baba, upande wa chini, lilimtesa mwezi mzima. Alisukutua kwa maji ya chumvi, akatafuna karafuu, na mwishowe taya likavimba hata akashindwa kufungua kinywa. Akapanda mashua hadi Kiunga, na kutoka Kiunga hadi Lamu. Lamu akapewa barua ya kwenda Mombasa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya.

Jino lilitoka, uvimbe ukapungua, homa ikaondoka. Ganzi peke yake ndiyo haikuondoka. Siku ya pili ikapita, ikapita ya saba, ukapita mwezi. Nusu ya mdomo wa chini na kidevu vilikuwa kama si vyake. Kahawa ya moto ilimwunguza asijue. Punje ya wali ilimganda mdomoni, watoto wakacheka. Baba, ambaye kila jioni alikuwa na nafasi yake barazani, akaacha kwenda barazani. Yeye alisema amechoka tu. Lakini mama aliniambia kwa simu kwamba sasa anakula peke yake, ameupa mlango mgongo.

Nilimrudisha Mombasa. Pale mapokezi tuliambiwa kwamba daktari ni bingwa, vyeti vyake vipo ukutani, na ganzi ni jambo la kawaida, twende tukasubiri. Tuliporudi mara ya pili tukapewa maneno yale yale. Usiku huo nikaandika barua ya kurasa nne. Nilimwita daktari yule mchinjaji, nikamwombea mabaya, nikatishia magazeti na mahakama.

Mume wangu aliisoma polepole, kama asomavyo jalada la kesi, kisha akanirudishia. "Mke wangu," akasema, "haya ni matusi yenye tarehe moja, na hata tarehe yenyewe umeikosea."

Akaniketisha kama aketishavyo shahidi kituoni. Ilikuwa siku gani na saa ngapi? Nani alikuwapo? Nani alisema nini? Lipi uliliona mwenyewe, na lipi ulisimuliwa? Karatasi ziko wapi? Na mwisho akauliza: mnataka nini? Yote niliyajibu isipokuwa hilo la mwisho, kwa maana sikuwa nimemwuliza mwenye mdomo.

Tulipomwuliza, baba alikataa. "Mwanangu, yule bwana ameniondolea maumivu. Tena mimi ni mtu wa upande wa pili. Nikishtaki, jambo la kwanza nitaulizwa kipande changu cha kitambulisho." Nikamwelewa. Tangu serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, watu wetu wa Ras Kamboni, wa Koyama na Chovai na visiwa vyote vya Wabajuni, wamekaa miaka mingi bila ofisi ya kupelekea dai lolote. Mwenye koleo alipokung'oa jino vibaya, ulimwachia Mungu. Mtu akikosa pa kushtakia kwa muda mrefu, mwishowe hudhani kwamba kushtaki kwenyewe ni utovu wa adabu.

Basi mume wangu akamtafutia Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017. Kifungu cha 14 chasema kwamba mtu yeyote ana haki ya kulalamika juu ya namna alivyotibiwa, na lalamiko lake lichunguzwe. Chasema mtu yeyote, hakikusema raia. Utaratibu wa kulalamika hutakiwa ubandikwe mahali ambapo kila aingiaye atauona, na mlalamikaji ajulishwe matokeo kwa maandishi katika muda wa miezi mitatu. Sheria hiyo hiyo yataka mgonjwa aelezwe hatari za tiba, na kila inapowezekana aelezwe kwa lugha aifahamuyo. Baba akaomba kifungu kile asomewe mara ya pili. Kisha akasema, "Andikeni. Lakini msimtukane."

Kabla ya kuandika tulimwuliza tabibu mwingine wa meno habari ya ganzi hii, na maelezo yake yaliniaibisha kwa yale niliyoyaandika kwanza. Ndani ya mfupa wa taya la chini mna mfereji, na ndani ya mfereji hupita mshipa wa fahamu unaoupa mdomo na kidevu hisi. Mizizi ya gego la mwisho mara nyingine hukaribiana sana na mshipa huo. Hata mkono hodari waweza kuuumiza, na aghalabu hisi hurudi baada ya wiki au miezi. Kwa wachache hairudi kamwe. Kwa hiyo, ndugu msomaji, dhara peke yake si ushahidi wa kosa. Swali lililobaki lilikuwa moja: je, baba aliambiwa?

Hakuambiwa. Alitia kidole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza.

Barua yetu ya pili ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilitaja tarehe, waliokuwapo, tulichoelezwa na tusichoelezwa, na siku mbili tulizorudishwa nyumbani. Tuliambatisha nakala za risiti na za barua ya Lamu, nazo asili tukabaki nazo. Mwisho tuliomba mambo matatu: nakala ya picha ya eksirei na kumbukumbu za matibabu, daktari mwenyewe amwone baba, na tujibiwe kwa maandishi. Tulimpa mkuu wa kliniki mkononi, akatutilia sahihi na tarehe kwenye nakala yetu.

Wiki ya tatu tuliitwa. Daktari alikuwa kijana kuliko nilivyomkumbuka. Aliiinua picha kwenye mwanga, akamwonyesha baba mzizi na mfereji. Akakiri kwamba aliuona ukaribu ule kabla ya kazi, akachelea kumtisha mzee aliyetoka mbali na maumivu. Akaomba radhi. Baba alimtazama, akamwambia, "Bwana daktari, mimi nimevuka miamba usiku tangu utotoni. Ungaliniambia, ningalikubali vilevile ulitoe. Lakini ningalijua."

Barua ya majibu ilifika, na ndani yake iliandikwa kwamba karatasi ya ridhaa itatolewa pia kwa Kiswahili. Sisi tuliishia hapo.

Kama tusingaliridhika, ngazi ya juu ilikuwapo. Kenya ina Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lililoanzishwa kama Bodi kwa sheria iliyoanza kazi mwaka 1978, likageuzwa kuwa Baraza mwaka 2019. Ndilo liandikishalo madaktari wa meno na kuwatambua mabingwa wao; kwa hiyo swali la kwanza, je, huyu ni bingwa kweli, huulizwa huko, si ukutani. Hupokea malalamiko ya maandishi, hulitaka jibu la daktari, huchunguza, na likithibitisha kosa laweza kumwonya, kumsimamisha au kumfuta daftarini. Atakaye fidia kwa madhara ya mwili aweza kwenda mahakamani, na huko muda ni miaka mitatu kwa kawaida. Kuishtaki serikali ni miezi kumi na miwili tu. Hasira haisimamishi kalenda.

Ninyi askari na wake wa askari mwajua kwamba lalamiko hupanda ngazi kwa ngazi, na kwamba maneno machache yenye tarehe hufika mbali kuliko makelele. Tufanye vivyo hivyo kwa waganga wetu. Lalamiko la kweli humlinda mgonjwa ajaye, tena humlinda daktari mwema asichanganywe na mbaya. Mwenye kunyamaza hamheshimu daktari. Amemnyima nafasi ya kujirekebisha.

Hisi za baba zimerudi nusu. Kidevu kimeamka, mdomo bado. Amerudi barazani, leso yake huiweka gotini, na kahawa huijaribu kwanza kwa kidole. Wakimwuliza kilichompata huwaeleza habari ya mshipa na mfereji, na wiki iliyopita, mama asema, alimzuia jirani asiende Mombasa kung'oa gego mpaka amwandikie, kwenye kipande cha karatasi, maswali matatu ya kumwuliza daktari.